Mpangaji Anayeomba Kufuga Paka

Ndugu, umeuliza kama umruhusu mpangaji wako afuge paka katika nyumba yenye sakafu ya mbao. Mimi ningemruhusu, ila kwa maandishi: mkataba umtaje mnyama huyo mmoja, useme nani atagharamia mikwaruzo, na amana isizidi kiwango cha sheria ya mahali ulipo. Kabla paka hajaletwa, pigeni picha za milango na sakafu mkiwa pamoja. Kinachonitia hofu kuliko makucha ni mkojo, kwa kuwa ukishapenya kwenye mbao, harufu yake hurudi kila unyevu unapozidi. Kwa hiyo uliza kama paka huyo amehasiwa, maana dume asiyehasiwa hunyunyizia kuta. Mbwa anayemwongoza asiyeona ni suala jingine, na katika nchi kadhaa sheria hairuhusu akataliwe.