Fungua Rekodi Kabla Hujafungua Skripti

"Mwanangu, hebu itazame hino orodha. Makontena kumi na manne, yote nambari moja?"

Ndivyo alivyoniambia mama wa meza ya nyaraka Jumatatu moja asubuhi, mkononi ameshika karatasi aliyoichapisha kutoka barua pepe ya mfumo wetu. Ofisi yetu iko hapa kisiwani Mombasa, si mbali na Moi Avenue, na kazi yetu ni kuwatolea wateja mizigo bandarini Kilindini na kuisafirisha bara. Kila alfajiri mfumo hutuma orodha ya makontena yaliyo tayari kuchukuliwa. Siku hiyo mistari ilikuwa 14 kama ilivyotakiwa, lakini nambari ilikuwa moja tu, imerudiwa mara 14. Malori yalikuwa yameshapanga foleni Changamwe, na dereva asiye na nambari sahihi getini hapiti. Atalala ndani ya lori, na siku hiyo imempotea.

Nikakimbilia skripti, yaani yale maelekezo ya programu yanayoitengeneza orodha. Nikabadilisha mstari, nikajaribu. Nikabadilisha mwingine. Adhana ya adhuhuri ilinikuta nimeshagusa mistari saba na orodha bado ni ile ile. Mama akarudi, akaniuliza, "Na huko ndani kwenyewe, nambari ziko sawa?"

Nilikuwa sijatazama. Nikafungua rekodi zenyewe: kila moja ina nambari yake, bila kasoro. Basi data ilikuwa salama, na kosa lilikuwa katika ile safari fupi ya kuitoa nambari kwenye rekodi na kuitia kwenye barua. Baada ya hapo kazi haikunichukua hata robo saa.

Tangu siku hiyo nimeshika utaratibu mmoja, na ndio ninaowasisitizia vijana wanaojiunga na idara yetu ya kompyuta: rekodi kwanza, skripti baadaye.

Sisi tunatumia ServiceNow, mfumo wa mtandaoni wa kuendeshea kazi za ofisi. Humo mna kanuni za kazi, yaani maelekezo yanayojiendesha yenyewe kila rekodi inapoingizwa, inapobadilishwa, inapofutwa au inapotafutwa. Nyingine huendeshwa kabla rekodi haijahifadhiwa, nyingine baada ya kuhifadhiwa, nyingine hupelekwa pembeni zikafanyiwe kazi baadaye mtumiaji akiwa ameshaondoka kwenye ukurasa. Skripti zake huandikwa kwa JavaScript, na makosa yote ninayoyasimulia hapa tuliyaandika sisi kwa mikono yetu.

Kosa la ile orodha nalieleza kwa kirefu kwa sababu nimeliona likirudi kwa watu tofauti, hata wenye uzoefu. Ukipitia rekodi moja baada ya nyingine kwa GlideRecord, chombo cha ServiceNow cha kusomea jedwali, kisha ukaandika gr.u_kontena kuitaka nambari ya kontena, hupewi maandishi. Unapewa kielekezi kinachoonyesha uga huo, yaani kile kisanduku cha kujaza, kwenye rekodi yoyote ambayo mfumo umesimama wakati huo. Ukikitia kwenye orodha mara 14, umetia kielekezi kile kile mara 14, na mzunguko ukiisha vyote vinaonyesha rekodi ya mwisho. Mfikirie askari wa getini ambaye, badala ya kuandika nambari ya usajili, anaandika daftarini "lori lililo mbele yangu". Jioni ukisoma daftari lake, mistari yote ni lori la mwisho kuingia. Dawa ni gr.getValue('u_kontena'), ambayo hukupa maandishi yenyewe. Siku hizi nikiona skripti inayojaza orodha bila getValue au toString, ambayo nayo hutoa maandishi, nasimama hapo hapo kabla ya kusoma zaidi.

Ninaposema rekodi kwanza, nakusudia nini hasa? Fungua historia yake uone nani alibadilisha nini, saa ngapi, na rekodi iliingilia mlango gani: kwenye fomu, kwa barua pepe, kwa faili la lahajedwali, au kutoka mfumo mwingine. Kisha tafuta rekodi nyingine ambayo haikuharibika, uziweke sambamba. Tofauti iliyopo baina ya mbovu na nzima mara nyingi ndiyo jibu, na wakati mwingine utalipata kabla hujasoma mstari hata mmoja wa skripti.

Hapo kwenye "saa ngapi" ndipo panaponipa kazi kubwa kuliko pote hapa Mombasa. Mtu akikwambia kosa lilitokea saa tatu asubuhi, kwenye simu yake ni 09:00. Lakini mfumo huhifadhi nyakati zote kwa UTC, ile saa ya rejea ya dunia nzima, na sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, kwa hivyo ndani ya jedwali tukio hilo hilo ni 06:00. Wakati mmoja, nambari tatu! Nimewahi kupekua logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, za saa isiyokuwa yenyewe, nikatangaza kwamba hakuna kosa lolote, na kosa lilikuwapo muda wote. Sasa humwomba kila mtu aniandikie saa kama inavyoonekana kwenye kona ya kompyuta yake, na hesabu ya UTC naifanya mwenyewe.

Saa hizi zilituumiza pabaya zaidi kwenye hesabu ya siku za bure. Kontena likishushwa melini huwa na siku kadhaa za bure, zikipita mteja anaanza kutozwa. Tulikuwa na kanuni ya kuhesabu siku hizo tangu tarehe ya kushushwa. Wateja wachache wakalalamika kwamba makadirio tuliyowapelekea yamezidi siku moja. Wengine wote hawakuwa na neno. Skripti niliisoma mara mbili, sikuona kitu.

Nikazitoa rekodi sita zenye malalamiko na sita zisizo nayo. Majina ya meli yalikuwa tofauti, wateja tofauti, uzito tofauti. Kitu kimoja tu kilizikusanya zile mbovu: zote zilishushwa baina ya saa sita na saa tisa usiku. Bandari hailali, meli hushushwa usiku kucha. Kontena lililoshushwa tarehe 12 saa nane usiku kwetu ni 02:00, lakini kwa UTC bado ni tarehe 11, saa 23:00. Skripti yetu ilikuwa inakata herufi kumi za mwanzo za wakati uliohifadhiwa na kuziita tarehe. Kila kontena la muda huo wa usiku lilihesabiwa siku moja ambayo halikuwa hata limegusa ardhi.

Tuliwapigia wateja hao mmoja baada ya mwingine, tukawaomba radhi na kuwarekebishia hesabu. Sitaki mtu mwingine apitie hayo, kwa hivyo nasema wazi: usiikate tarehe kwa kuhesabu herufi. Tumia GlideDateTime na getLocalDate, vyombo vya ServiceNow vya kutoa tarehe ya kienyeji, na hakikisha kazi zinazoendeshwa na mfumo wenyewe usiku zinatumia akaunti iliyowekwa saa za Afrika Mashariki, kwa sababu tarehe ya kienyeji hufuata akaunti inayoiendesha kanuni. Kisha jaribu kwa rekodi ya saa nane usiku. Tulizoea kufanya majaribio mchana, na mchana kanuni ile haikukosea hata mara moja.

Suala la mlango lina mfano wake pia, mfupi. Nambari ya kontena kwa kiwango cha ISO 6346 ina herufi 4 na tarakimu 7, jumla 11, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zile za mbele. Tulikuwa tumeweka ukaguzi wa urefu huo kwenye skripti ya upande wa kivinjari. Aliyejaza fomu kwa mkono alikaguliwa vizuri. Rekodi zilizoletwa kwa faili hazikupita kwenye fomu, basi hazikukaguliwa, na nyingine zilikuja na nafasi tupu mwishoni, urefu ukawa 12. Kwa macho nambari ni ile ile, kwa mfumo ni mbili tofauti. Ukaguzi wowote unaoujali uweke kwenye seva. Wa kwenye kivinjari ni wa kumsaidia mtu anayejaza, basi.

Kuna pia kanuni zinazogongana. Moja yetu ilijaza jina la ofisa kulingana na kituo, Kilindini au Miritini. Nyingine ilikuwa ikiona ofisa hayupo, inaupeleka mzigo kwa kikundi cha jumla. Kila moja peke yake ilikuwa sahihi. Zote mbili zilikuwa na namba ya mpangilio 100, ambayo mfumo huitoa usipoandika yako, na zikiwa sawa hivyo usitegemee ipi itatangulia. Namba ndogo hutangulia kubwa, kwa hivyo kanuni zetu sasa tumezipa 100, 200, 300, na pengo la katikati tumeliacha kwa ajili ya kanuni zitakazokuja. Na kwenye kanuni ya kabla ya kuhifadhi usiandike current.update(), amri ya kuihifadhi rekodi. Rekodi iko njiani kuhifadhiwa tayari, na ukiihifadhi tena unaziamsha kanuni zote upya, pamoja na hiyo hiyo uliyomo.

Mwenzetu mmoja alikumbana na mzunguko huo wa kanuni kujiamsha akautibu kwa setWorkflow(false), amri ya kuzizima kanuni. Mzunguko ukakoma, sote tukafurahi. Miezi miwili baadaye uzito wa mzigo fulani ulibadilika, na mteja akataka kujua nani aliubadilisha. Nikafungua historia: hapana kitu. Mstari ule hauzimi kanuni nyingine peke yake, unazima na kumbukumbu za ukaguzi. Tulikuwa tumejipofusha wenyewe. Kwangu mimi mstari huo hauingii kwenye mfumo wa kazi, ule ofisi inaoutumia kila siku, mpaka mtu wa pili ameusoma na sababu yake imeandikwa juu yake kwa maneno kamili.

Ukishajua rekodi ipi, saa ngapi na mlango gani, ndipo ufungue vyombo vya uchunguzi. Washa uchunguzi wa kanuni kwenye kikao chako, yaani ule muda ulioingia wewe kwenye mfumo, uhifadhi rekodi, na mfumo utakuonyesha kanuni zipi zimeendeshwa, zipi zimerukwa kwa sababu sharti halikutimia, na kila moja imebadilisha uga gani. Ukitaka kusimamisha skripti katikati, kitatuzi cha skripti husimamisha kikao chako peke yako, wenzako hawatahisi lolote. Jaribu pia ukiwa umevaa akaunti ya mtumiaji aliyelalamika, kwa sababu wewe msimamizi unaona mengi ambayo yeye haoni. Kanuni zinazopelekwa pembeni hazisimamishwi na kitatuzi hicho, na ndani yake hali ya zamani ya rekodi, ile previous, haipatikani. Kwa hizo ninaandika gs.info, amri ya kuweka ujumbe kwenye logi, penye kila njia panda, nikianza na jina la kanuni na nambari ya rekodi, ili nikitafuta kwenye logi nizipate zangu katikati ya maelfu.

Nimebakisha lile linalonitisha kuliko yote. Ukiuliza rekodi kwa addQuery, amri ya kuweka sharti la utafutaji, na ukakosea jina la uga, ServiceNow kwa kawaida hailalamiki. Inalipuuza sharti hilo na kukurudishia jedwali zima. Nilikuwa nafuta rekodi za majaribio, nikaandika u_konteina mahali pa u_kontena, na mstari uliofuata ulikuwa deleteMultiple, amri ya kufuta kila rekodi iliyopatikana. Alhamdulillahi nilikuwa kwenye mfumo wa majaribio. Jedwali likawa tupu ndani ya sekunde chache, nami nikabaki nimekaa, nafikiria ingekuwaje kama ningekuwa nimefungua dirisha la pili, lile la mfumo wa kazi, ambalo lilikuwa wazi pembeni.

Upo mpangilio unaoitwa glide.invalid_query.returns_no_rows. Ukiuweka kuwa kweli, sharti lenye uga usiokuwapo halirudishi rekodi yoyote. Sisi tumeuweka, kwanza kwenye majaribio tukaona kanuni zipi za zamani zitanyamaza, kisha kwenye mfumo wa kazi. Hata hivyo mstari wa kufuta siuandiki siku hizi kabla sijaendesha ulizo lile lile kwa getRowCount, ambayo huhesabu tu, nikaisoma idadi, nikafungua rekodi mbili tatu kwa macho yangu. Nikitegemea kufuta 30 na idadi ikatoka 41,000, nafunga dirisha na kurudi kwenye tahajia.