Kabla ya nusukaputi, daktari wa usingizi anataka kujua nini?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 61 na nimepangiwa upasuaji wa ngiri mwezi ujao. Wiki mbili kabla ya siku hiyo nimetakiwa kuonana na daktari wa usingizi, ambaye siye atakayenipasua. Nimekuwa nikimeza vidonge vya shinikizo la damu kwa miaka mingi, na mara kwa mara hunywa dawa za mitishamba ambazo sijamwambia mtu hospitalini. Miadi hiyo ina haja gani, nijiandae vipi, na kwa nini nitakatazwa kula?

JIBU: Mzee wangu, miadi hiyo usiikose. Mpasuaji atashughulika na ngiri. Daktari wa usingizi ndiye atakayekuwa kichwani pako muda wote, akilinda pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu wakati wewe mwenyewe huna habari. Ili ayalinde vizuri, sharti akufahamu mapema, ungali macho na unaweza kumjibu.

Ninalokuomba kuliko yote ni kwamba usimfiche kitu. Siku hiyo tia kwenye mfuko kila dawa unayotumia, pamoja na pakiti zake na hiyo mitishamba, uvimwage vyote mezani kwake. Ukimwambia kuwa unameza kidonge cheupe kidogo hutakuwa umemsaidia, kwani vidonge vyeupe ni vingi na kila kimoja kina utaratibu wake. Baadhi ya vidonge vya presha humezwa hata asubuhi ya upasuaji kwa funda la maji, ilhali vingine huenda ukaambiwa uviache siku moja kabla, kwa sababu vikikutana na nusukaputi huweza kuliteremsha shinikizo kupita kiasi. Dawa za kuzuia damu kuganda na za kisukari nazo zina mpango wake. Uamuzi ni wa daktari. Usiache wala kupunguza dawa kwa kukisia. Na mitishamba isikutie haya kuitaja, kwa kuwa mingine huzidisha kutokwa na damu au huingiliana na dawa za usingizi, na daktari hawezi kujikinga na jambo asilolijua.

Atakuuliza pia kama uliwahi kupasuliwa, na kama katika ukoo wenu kuna aliyedhurika kwa dawa ya usingizi. Liseme hata kama linauma, maana kuna hali ya kurithi, ingawa ni nadra, ambayo hufanya joto la mwili lipande ghafla mgonjwa apewapo baadhi ya dawa hizo. Kisha atakuambia ufungue kinywa na uinue shingo, kwa kuwa huenda akahitaji kupitisha mpira kooni ili kukusaidia kupumua. Mwonyeshe jino lolote linalocheza: likingʼoka wakati huo laweza kuingia kwenye njia ya hewa. Utapimwa uzito, kwani dozi nyingi hukadiriwa kwa kilo, na huenda ukapimwa damu na umeme wa moyo.

Kuhusu kula, mtu aliye katika nusukaputi hawezi kukohoa na kujikinga kama ilivyo kawaida, hivyo kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kwa kawaida chakula na maziwa, ikiwemo chai ya maziwa, huachwa saa 6 kabla, lakini maji matupu huruhusiwa hadi saa 2 kabla, isipokuwa hospitali yako imekupa maelekezo tofauti. Huniuma kuona wazee wakijinyima hata maji tangu jioni, wakafika wakiwa na kiu, wanaumwa kichwa na mishipa haionekani. Na ukisahau ukala, sema. Kuahirishwa kwa saa chache ni afadhali mara elfu.

SWALI: Mimi huvuta sigara. Upasuaji wangu ni baada ya siku 3. Kuna faida kuacha sasa?

JIBU: Ipo, acha leo. Moshi huacha kaboni monoksidi kwenye damu, nayo hushika nafasi ya oksijeni. Ndani ya siku moja tu hupungua sana. Mapafu yenyewe huhitaji wiki 4 au zaidi kupata nafuu, kwa hiyo mtajie daktari wa usingizi idadi ya sigara unazovuta kwa siku bila kuipunguza, na ukianza kukohoa makohozi au kupata homa kabla ya siku hiyo, wapigie simu hospitalini usingoje kufika mlangoni.