Mhusika Hupata Sura Yake Wapi? Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Mwezi huu nimeweka pamoja barua tatu zilizotoka pande mbalimbali za Mkoa wa Mwanza. Walioziandika hawafahamiani, lakini wote wanauliza namna dhiki, na kutoka katika ujinga, vinavyomfanya mhusika wa hadithi awe mtu anayetambulika. Barua nimezifupisha, ila hoja zao sikuzigusa.

SWALI LA KWANZA

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Sengerema na ninaandika hadithi fupi. Nimeandika hadithi ya yatima anayelelewa na mama wa kambo katili. Analala njaa, anauza maji mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, anakwenda shule mbali bila viatu, na mwishowe anafaulu, anakuwa daktari na kurudi kijijini kwa gari. Mhariri mmoja aliirudisha akisema kwamba mateso ni mengi lakini haoni mtoto huyo ni nani. Nimeumia, kwa sababu mengi niliyoyaandika nimeyaona kwa macho yangu. Je, mateso hayatoshi kumjenga mhusika?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Uliyoyaandika ni ya kweli, na sidhani kwamba mhariri aliyadharau mateso ya watoto wa mwaloni. Shida ni kwamba yote uliyoyataja yanampata mtoto huyo, na karibu hakuna analolitenda yeye mwenyewe. Ukimwondoa yatima wako na kumweka mwingine mahali pake, mama wa kambo atabaki yule yule, njia ya shule itabaki ile ile, na gari la mwisho litaingia kijijini vile vile. Dhiki inatueleza hali aliyomo mtu. Mtu mwenyewe tunaanza kumwona pale anapotambua jambo ambalo hakulijua, utambuzi huo ukamlazimisha kuchagua, na uchaguzi wake ukamgharimu kitu.

Wazee wa Kisukuma walilijua hili zamani. Bila shaka umesimuliwa habari za Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akasalia mama mmoja mjamzito aliyejificha, naye akajifungua mtoto wa kiume. Angalia wasimulizi walivyomjenga mtoto huyo. Hawakukaa sana kwenye upweke wake na mama yake, ingawa ni vigumu kufikiria dhiki kubwa kuliko kubaki wawili tu duniani. Walianza na swali lake: watu wengine wako wapi? Alipoambiwa, alitoka kwenda kulisaka zimwi ambalo hakujua hata lilivyo. Akarudi na panzi, akiimba kwa shangwe kwamba amemuua Shing'weng'we, na mama yake akamwambia kuwa huyo ni panzi tu. Akarudi tena na ndege, kisha na mnyama wa porini, na kila mara mama alimsahihisha, naye kila mara alitoka upya. Kabla hajasimama mbele ya zimwi lenyewe, sisi tunaosikiliza tumekwisha kumjua: ana haraka, anashangilia kabla ya wakati, lakini anafundishika, na kukosolewa hakumvunji moyo.

Wala simulizi haikuishia kwenye ushindi. Alipolipasua zimwi ili watu watoke, alimkata sikio kikongwe mmoja kwa bahati mbaya. Kikongwe alimkasirikia na kutaka kumdhuru, na kijana akatafuta dawa akamponya. Kwangu mimi hapo ndipo penye moyo wa simulizi nzima, na inanisikitisha kwamba baadhi ya wanaoisimulia siku hizi wanaliruka tukio hilo wakidhani kwamba linampunguzia shujaa heshima. Aliyewaokoa watu wote angeweza kudai kwamba sikio moja ni jambo dogo. Kwa kutokusema hivyo, na kwa kushughulikia jeraha alilolisababisha bila kukusudia, alitufanya tuamini kwamba anastahili kuwa mtemi, yaani mtawala wa watu wake.

Kinyume chake pia kipo katika fasihi yetu ya ziwani. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kisiwani Ukerewe, alichapisha riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971. Rosa anateseka sana, lakini mateso hayamkomazi. Baba yake, Zakaria, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana na kumjengea hofu ya wanaume, bila mtu wa kukaa naye na kumweleza lolote kuhusu maisha yanayomngoja. Msichana anaondoka nyumbani akiwa na hofu mahali pa maarifa, na hofu hiyo inapokwisha hana kingine cha kumwongoza. Mwishowe Rosa anajiua. Kezilahabi alikuwa na ujasiri wa kuonyesha kwamba dhiki ikiachwa pamoja na ujinga inaweza kumfuta mtu badala ya kumjenga. Msomaji anayefunga kitabu hicho anamjua Rosa vizuri mno, kwa kuwa kila hatua yake ya kupotea inatokana na jambo fulani ambalo alinyimwa kulijua.

Basi mrudie yatima wako. Mwache abaki mwaloni na ndoo yake ya maji, lakini mpe jambo la kugundua. Tuseme mama wa kambo anauza dagaa kwa tajiri mwenye mitumbwi, na kwa kuwa hajui kusoma, hesabu zake zote zinaandikwa katika daftari la tajiri huyo. Mtoto, ambaye shule imeanza kumfungua macho, anaangalia daftari lile na kuona kwamba kila wiki ndoo za dagaa zinazoandikwa ni pungufu ya zile alizozibeba yeye mwenyewe kichwani. Mwanamke anayemlaza njaa anaibiwa, na huenda ukali wake wote unatokana na fedha zisizotosha ambazo haelewi zinapotelea wapi. Tajiri huyo huyo ndiye anayemruhusu mtoto kuuza maji pale mwaloni. Akisema, atakosa riziki yake kwa ajili ya mtu aliyemtesa. Akinyamaza, elimu yake itakuwa imemfundisha kunyamaza. Mimi sijui atafanya nini, nawe usiamue haraka. Mwandike mpaka ujue. Ukifika hapo, gari na cheo cha udaktari huenda usivihitaji tena.

SWALI LA PILI

Ndugu Mhariri wa safu, mimi ni mama mtu mzima wa Ukerewe, na miaka ya sabini nilifundisha kisomo cha watu wazima. Huniudhi kusoma hadithi ambazo mwanakijiji asiyejua kusoma huchorwa kama mpumbavu, mpaka aje kijana kutoka mjini kumwamsha. Ngumbaru niliowafundisha hawakuwa hivyo hata kidogo. Je, waandishi wanajua wanachokisema wanapoandika juu ya ujinga?

JIBU

Shikamoo, mama. Hasira yako ni ya haki, na nashukuru kwamba imetoka kwa mtu aliyeshika chaki.

Vijana wengi wanaoandika leo hawaijui historia uliyoshiriki. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kisha Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizopangiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwishoni mwa mwaka 1971. Kabla ya hapo, mwaka 1968, ulikuwa umeanza hapa Kanda ya Ziwa mradi wa kisomo chenye manufaa ulioungwa mkono na UNESCO, ambao vitabu vyake vya kufundishia kusoma vilihusu pamba, uvuvi, migomba na shughuli nyingine ambazo wanafunzi walizifanya kila siku. Waliovitunga walielewa jambo ambalo hadithi nyingi hazilielewi: mtu mzima anapoketi kujifunza herufi ya kwanza, anaketi akiwa na maarifa mengi tayari. Mvuvi anajua upepo upi utamrudisha na upi utamzamisha, tena anajua kwa nini usiku wa mbalamwezi hauna dagaa. Asichokijua ni kimoja, nacho kina jina na mipaka. Mwandishi anayetaka kuandika juu ya ujinga ni lazima autaje kwa namna hiyo, yaani aseme mtu huyu hajui jambo gani hasa, na kutokulijua kunamgharimu nini.

Aniceti Kitereza, wa huko huko kwenu, alikamilisha mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe juu ya Myombekere na Bugonoka, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Katika kitabu hicho kinene hakuna mtu wa mjini wa kumwamsha mwingine. Bugonoka anatukanwa na ndugu wa mume kwa kukosa mtoto, wazazi wake wanamchukua, na Myombekere anakataa kutafuta mke mwingine kirahisi, anakwenda kwa wakwe zake kwa unyenyekevu kumrudisha. Tunamjua Myombekere kwa uamuzi huo. Na Kezilahabi, katika Kichwamaji ya mwaka 1974, alituonyesha upande wa pili kupitia Kazimoto, msomi wa chuo kikuu ambaye vitabu vyote alivyosoma havikumpa namna ya kuishi na watu wa kwao wala na nafsi yake. Mwandishi anayedhani kwamba cheti na mwanga ni kitu kimoja aisome riwaya hiyo polepole.

Ila naomba niongeze jambo moja, mama, ili hasira yetu ya haki isitufanye tuufiche ujinga ulio wa kweli. Katika mikoa yetu ya Usukumani wamekuwapo vikongwe waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi kwa sababu macho yao ni mekundu, ilhali macho hayo yameharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Huu ni ujinga unaoua. Tena mara nyingine haukai peke yake: pembeni yake kuna mtu anayeutumia, mwenye shamba analolitamani au urithi anaoona unamchelewa. Hadithi juu ya jambo hili ikimleta mwanafunzi wa chuo kuja kuwahutubia wanakijiji, itakufa pale pale. Mimi ningependa kuisoma hadithi ya mkaza mwana anayepika katika jiko lile lile la mama mkwe wake, ambaye ameanza kuamini minong'ono ya majirani, mpaka asubuhi moja anapojitazama kwenye kioo na kuona macho yake mwenyewe yameanza kuwa mekundu. Hakuna aliyemfundisha. Sasa anajua, na anajua pia kwamba mumewe ni miongoni mwa wanaonong'ona. Atakachokifanya jioni ile, watu wakianza kukusanyika uani, ndicho kitakachotuambia yeye ni nani.

Una wanafunzi wako wa zamani kichwani, mama, na nadhani una hadithi zao. Tafadhali ziandike, hata kwa ufupi. Safu hii itazipokea.

SWALI LA TATU

Shikamoo. Mimi ni msichana wa Nyegezi. Nataka kuandika hadithi ya mama yangu, aliyetulea kwa kuanika na kuuza dagaa baada ya baba kutuacha, na aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima. Nikimweleza, anakataa, anasema taabu zake hazina faida kwa mtu yeyote. Je, niandike kwa kubadilisha majina?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kubadilisha majina hakutatui tatizo lako, kwa kuwa atakayejitambua wa kwanza ni yeye, na majirani watafuata. Usichapishe asichokiridhia.

Lakini sina hakika kwamba anakataa kuandikwa. Pengine anakataa kuandikwa kama mtu wa taabu. Unapomwomba habari zake, je, huanzi na siku baba alipoondoka? Watoto tunapenda kuanzia hapo, kwa sababu ndipo tulipoumia sisi. Jaribu kumuuliza swali jingine: ni lini alitambua kwamba anahitaji kusoma, na alikuwa akitaka kusoma nini hasa? Kila mtu mzima aliyeamua kuketi darasani alikuwa na sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo ni ndogo na ya wazi kuliko tunavyodhani. Inaweza kuwa barua ambayo hakutaka isomwe na mwingine, kipimo cha dawa ya mtoto, au ankara aliyoshuku. Mwache aeleze kwa mpangilio wake, hata kama baba hatajwi kabisa au anapita katika sentensi moja. Andika kwa mpangilio huo huo, kisha msomee, na kwa kuwa anajua kusoma, mpe na karatasi aisome peke yake. Atakapokuambia ufute mahali, futa. Atakapokuambia kwamba mahali fulani hukuandika vizuri, na kwamba mambo hayakuwa hivyo, chukua kalamu uandike tena mbele yake, maana hapo atakuwa amekwisha kukubali.