Hamsini Niliyolipa na Robo Saa Niliyoikosa

Februari imefika na meza yangu imejaa tahakiki za filamu za mapenzi. Jana mwanagenzi mmoja, simtaji, ameniletea maneno mia nne kuhusu Fifty Shades Freed, filamu ya tatu ya mfululizo wa Fifty Shades. Aya mbili tu nikajua: huyu ametazama trela, akasoma muhtasari, akaenda kunywa chai. Nimejuaje? Nimewahi kuwa yeye. Basi sogeeni, wanangu, kabla sijaanza kufoka.

1. Msianze na "wahenga walisema". Wahenga hawakuitazama.

2. Mjue filamu ilitoka wapi na ilitufikiaje. Ile ya kwanza, ya 2015, ilipigwa marufuku Kenya na KFCB, bodi ya kuainisha filamu. Wiki hiyohiyo jamaa wa duka la muvi mtaani kwetu alikuwa akiwakopia watu kwenye flashi kwa shilingi hamsini, na utani ulikuwa mmoja, maana "fifty" ni hamsini: hamsini kwa hamsini. Hata wasiopenda mapenzi waliitaka. Kufikia ya tatu, 2018, hamu ilikuwa imepoa, na filamu yenyewe haikusaidia: harusi, fungate Ufaransa, magari, msanifu majengo anayemchombeza bwana mbele ya mkewe, halafu ghafla utekaji nyara. Mwongozaji wa kwanza, Sam Taylor-Johnson, alishaondoka. Ya pili na ya tatu aliziongoza James Foley, na miswada yake ikaandikwa na Niall Leonard, mume wa mwandishi wa vitabu vilivyozaa filamu hizi. Mimi hushuku hapo ndipo mkasi ulipopotea, maana nani atamwambia mke wake sura hii haina kazi?

3. Hili ni langu. Mkicheka, chekeni polepole.

Nilikuwa naitahakiki hiyo ya tatu, na ukurasa wa gazeti ulikuwa ukifungwa saa kumi jioni. Kopi ilikuwa ya hamsini, ya jamaa yuleyule. Nilitazama ofisini, skrini nimeigeuzia ukutani kwa sababu mhasibu wetu, mama wa kanisa, alikuwa hatulii kitini. Kila chumba cha kulala kilipotokea niliruka mbele. Ndiyo, filamu ya mahaba, nikaruka mahaba. Kisha, Ana, yule mke, alipokuwa benki akitafuta dola milioni tano za kumkomboa wifi yake, Mia, picha ikaganda. Nikachomoa flashi, nikaipuliza, nikairudisha. Ikaganda palepale. Saa tisa na nusu.

Nikajiambia, hizi mwisho wake naujua hata usingizini: tajiri anafika, anamtwanga mhalifu, anambeba mkewe. Nikaandika hivyo. Ningeishia hapo ningepona. Lakini nikajenga hoja nzima juu yake, kwamba filamu tatu zimemwacha Ana palepale alipoanzia, mwanamke wa kungoja kuokolewa. Sentensi hiyo niliipenda hadi nikaisoma kwa sauti.

Kesho yake saa mbili simu ya mezani ikalia. Dada mmoja wa saluni, mtaa wa Umoja.

"Kaka, ile filamu umeiona?"

"Nimeiona."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Haya, nani alimpiga yule mtekaji, Jack Hyde, risasi ya mguu?"

Nikanyamaza. Nyuma yake drai lilikuwa likivuma na mtu anacheka.

"Ni Ana, kaka. Mumewe amefika kazi imekwisha."

Filamu ni dhaifu, wanangu, na makosa yake yalikuwa yamelala wazi. Mimi nikaigonga kwa kosa ambalo haikufanya. Masahihisho yalichapwa mistari mitatu, chini ya ratiba ya runinga. Mhariri wangu wa wakati huo hakunigombeza. Aliikata tu ile sentensi kwa makasi, akaibandika juu ya kompyuta yangu. Ilikaa hapo hadi Krismasi, na kila aliyekuja kuazima stepla aliisoma.

4. Toleo la sinema ni kama dakika 105, kwa hiyo faili ikikuishia dakika ya 85, huo si mwisho wa kishairi.

5. Msimdharau anayeipenda. Yule dada nilimtembelea baadaye, kuomba radhi na, nakiri, kujitetea. Nilimkuta anasuka, runinga juu ya kioo, filamu ileile inaendelea. Nikamuuliza anaona nini katika kitu kibovu hivyo, mtu unayejua kukamata makosa ya gazeti. Hakugeuka, alikuwa ameshika uzi wa braid kwa meno.

"Kaka, mimi nasuka kichwa kimoja saa sita. Filamu ikiwa na maana sana nakosea mistari."

Niliiandika kwenye kijitabu nikiwa bado nimesimama mlangoni. Ni tahakiki bora ya filamu hiyo kuliko yangu, na ni fupi.

Wewe wa jana, flashi iko kwenye droo yangu, ya juu, kopi nzima safari hii. Ukurasa unafungwa saa kumi.