Inategemea nchi, si asili

Ndugu, umeuliza kwa nini Walebanoni wa ughaibuni wametajirika kuliko Wapalestina. Si kila mahali. Huko Chile, Wapalestina waliohamia kutoka miji ya Bethlehemu na Beit Jala walianza kwa kutembeza vitambaa, sindano na vifungo mlango kwa mlango, sawasawa na Walebanoni wa Brazili. Juan Yarur, mzaliwa wa Bethlehemu, alifungua kiwanda cha pamba Santiago na kuanzisha benki ya BCI mwaka 1937.

Sasa tazama Lebanoni kwenyewe. Mpalestina aliyezaliwa kambi ya Shatila hawezi kusajiliwa kuwa wakili wala daktari, na tangu 2001 sheria inamzuia kununua hata chumba kimoja. Inauma sana. Ni mjukuu wa wakimbizi wa 1948, vita vya kuundwa kwa Israeli vilipowatoa Wapalestina makwao, na bado anahesabiwa mgeni.