Straika hakuja: ubahili au sheria?

SWALI: Kaka, mimi ni bodaboda hapa Arua, Arsenal damu. Februari 3, 2025 nilikesha na simu mpaka saa nane usiku, dirisha dogo la usajili likafungwa hatujasajili mtu. Na Gabriel Jesus alikuwa ameumia goti tangu Januari! Wenzangu wa steji wanasema ni sheria za fedha. Ni kweli, au ubahili tu? Nataka kususia kibanda cha kutazamia mpira.
Msomaji, Arua

JIBU: Pole, ndugu yangu. Sheria zipo na zinauma. Wakati huo klabu ya Ligi Kuu ya England haikuruhusiwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 105 kwa miaka 3. Everton walikatwa pointi 10 Novemba 2023, rufaa ikazishusha kuwa 6.

Lakini wa steji wasikumalize na hilo. Bei ya mchezaji haiingii vitabuni yote kwa siku moja: wa pauni milioni 60, mkataba wa miaka 5, anahesabiwa milioni 12 kwa mwaka, mshahara kando. Na ukiuza kijana uliyemlea mwenyewe, pesa yake karibu yote ni faida, papo hapo.

Ndiyo maana ugomvi wangu mimi si wa Februari, ni wa Agosti 2024. Mwisho wa dirisha lile walimuuza Eddie Nketiah, straika kijana wa akademi, kwa Crystal Palace, wakamleta Raheem Sterling kwa mkopo. Winga! Januari ndipo wakabisha hodi Aston Villa wakimtaka straika wao Ollie Watkins, siku zile zile Villa wanamuuza straika mwingine, Jhon Durán, kwa Al-Nassr ya Saudia. Nani angewaachia wote wawili? Ukiishiwa mafuta usiku wa manane, wewe unamjua vizuri muuza petroli ya chupa na bei yake.

Halafu Kai Havertz, aliyekuwa akituchezea mbele, akachanika msuli mazoezini Dubai. Februari 15 Mikel Merino, kiungo, akasukumwa mbele, akawafunga Leicester mawili. Nilishangilia hadi jirani akagonga ukuta, ila ile ilikuwa dharura. Tukamaliza wa pili, mara ya tatu mfululizo.

Kuhusu kususia: kocha Arteta hatajua. Atakayejua ni mwenye kibanda, na nadhani ndiye anayekukopesha kiingilio.