Usifute kilichomo kwenye wingu kabla hujakitoa

Usifute chochote leo, ndugu. Umeandika kwamba umekuta folda zako za nyaraka na picha zimo katika hifadhi ya wingu ya Windows, yaani OneDrive inayotunza mafaili mtandaoni, ingawa hukumbuki kuziweka huko, na kwamba ukishaelezwa namna ya kuzima kitambulisho cha matangazo (namba ya kukulenga kwa matangazo) na data za uchunguzi (taarifa ambazo kompyuta humtumia Microsoft kuhusu inavyofanya kazi), utaingia kwenye akaunti uzifute zote ili faragha yako irudi. Mimi nilifanya hivyo hivyo, nikapoteza kazi ya miaka minne.

Baada ya sasisho kubwa, kompyuta yangu ilinitaka nikamilishe usanidi. Kitufe cha kukubali kilikuwa kikubwa chenye rangi, na cha kukataa kilikuwa maandishi madogo yaliyofifia. Nilikubali ili niendelee na kazi. Tangu hapo folda zangu zilipanda winguni, pamoja na mikataba na nakala za vitambulisho ambazo watu walinikabidhi kwa kuniamini, nami sikujua hadi GB 5 za bure zilipojaa nikaanza kuhimizwa ninunue nafasi. Kwa hasira nilifungua akaunti kwenye kivinjari nikafuta kila kitu. Nilidhani nafuta nakala, kumbe ule ulikuwa usawazishaji, na kinachofutwa upande mmoja hutoweka na upande wa pili. Pipa la taka la huko lingeyatunza mafaili kwa siku 30, lakini kwa kutaka yasibaki popote, nalo nilikuwa nimelimwaga papo hapo.

Fundi niliyemuuliza kabla ya kufuta alinihakikishia kwamba mafaili halisi yako kwenye diski, wala hakuifungua kompyuta kutazama. Sijamsamehe. Walioibuni skrini ile nao waliuita usawazishaji huo nakala rudufu, na ukimpa mtu jina lisilo la kweli la jambo, ridhaa yake umeichukua kwa hila.

Kwa hiyo toa kwanza, hakikisha, tenganisha, ndipo ufute. Mafaili mengi unayoyaona kwenye folda huenda ni majina tu, na yaliyomo yako winguni. Yaagize yote yashuke kwenye kompyuta, kisha uyanakili kwenye diski ya nje. Zima intaneti, ufungue kutoka kwenye diski hiyo mafaili kadhaa, hasa ya zamani na makubwa. Yakifunguka, chomoa diski, washa intaneti, simamisha usawazishaji wa kila folda na uiondoe akaunti ya wingu kwenye kompyuta. Pipa la taka liwe la mwisho kabisa, siku nyingi baadaye.

Kuhusu data za uchunguzi, matoleo ya kawaida ya Windows 10 na 11 hukuruhusu kuzima zile za hiari, lakini za lazima zinaendelea kutumwa. Hata udhibiti huo haukupatikana bila kusukumana: Julai 2016 CNIL, mamlaka ya Ufaransa ya kulinda data, iliitaka Microsoft iache kukusanya data kupita kiasi kupitia Windows 10, na shauri likafungwa mwaka 2017 baada ya marekebisho. Swichi hizo ukizizima wiki ijayo hutapoteza faili hata moja.

Ukishayafungua mafaili yako kutoka kwenye diski ya nje huku intaneti imezimwa, andika hapa hapa, nami nitakuwa nawe unapoanza kufuta.